Mkono Unaojua Kusita

"Rudia," nilimwambia Mazengo. "Na safari hii usikimbie."

"Afande, haraka haraka haina baraka, hilo nimelielewa. Tatizo wale wezi wa maji hawajaambiwa."

Wenzake kwenye mstari walicheka. Mimi nilikuwa nimechoka hata kucheka. Jua la Singida lilikuwa limeshapanda, miamba iliyo nyuma ya uwanja wa shabaha ilikuwa imeanza kutema joto, na tangu asubuhi nilikuwa nikisema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Kiwiko kisitanuke kama bawa la kuku. Bega lisipande. Mkono wa kushoto usubiri kifuani, usiende kutalii. Ukitaka kasi, ondoa kilichozidi, na ukiondoe polepole mpaka mwili wenyewe uchoke kukosea.

Mazengo alirudia. Kiganja kilishuka kwenye mpini, bastola ikatoka kwenye ala bila kukwaruza, mikono miwili ikakutana kifuani na kwenda mbele pamoja, na kidole kikaanza kubana kifyatulio kabla viwiko havijanyooka. Risasi iliondoka viwiko vilipotulia. Usingeweza kuonyesha alipoanzia wala alipomalizia. Ulikuwa mwendo mmoja, kama mafuta ya alizeti yanavyomiminwa kutoka kwenye dumu.

Na kabla ya yote hayo, dole gumba lake lilijifuta kwenye pindo la suruali.

Hilo la dole gumba ni langu. Nilianza kujifuta hivyo nikiwa msichana depo, kwenye mafunzo ya askari, kwa sababu viganja vyangu hutoka jasho. Viganja vya Mazengo ni vikavu kama kuni. Lakini yeye, na kila mlinzi anayesindikiza malori ya maji ya Bomba, shirika linalotuajiri, hujifuta dole gumba kabla ya kutoa bastola, maana wote wamepewa mkono wangu.

Kifaa chenyewe kina jina refu la kihandisi, ila kambini tunakiita soksi. Unaivaa kuanzia vidoleni mpaka begani, na nyuzi zake husikiliza neva. Mwalimu akiivaa, inanakili afanyavyo. Mwanafunzi akiivaa, inaisukuma misuli yake ifanye vivyo hivyo, kwanza polepole, baadaye kwa kasi, mpaka siku anaivua na mkono unaendelea wenyewe. Kila mwaka tunarekodi upya, na kila mwaka Mhandisi Nsajigwa anapunguza kilichozidi kidogo. Ilifika mahali mkono wangu ulio ndani ya soksi ukawa mzuri kuliko huu unaoning'inia begani. Siku ya kurekodi kwa mwaka ule ilikuwa ndiyo hiyo, mchana.

Niliwapa mapumziko, nikaelekea kwenye kivuli cha stoo ya silaha. Penina Mkumbo alikuwa amesimama pale bila mkanda kiunoni. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wazuri, mpole, asiyependa kutazamwa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mbona hukuwa kwenye mstari?"

"Nimekuja kurudisha bastola."

"Umepata kazi nyingine?"

"Sijapata."

"Basi kunywa maji, urudi kwenye mstari. Leo sina nguvu ya kubembeleza mtu."

Hakuondoka. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyemshika mtoto mtundu sokoni. "Afande, mkono huu haunisikii," alisema.

Kisha akanieleza. Ilikuwa Jumapili. Mumewe, Yona, alikuwa amerudi kutoka kanisani, akaingiza mkono ndani ya koti kutoa peremende aliyomnunulia mtoto wao. Penina alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga khanga, anachambua mchele. Dole gumba lake likajifuta kwenye khanga. Kiganja kikaenda kiunoni, hakikukuta kitu, wala hakikujali. Mikono ikakutana kifuani, ikanyooka kuelekea kwa Yona.

"Kidole kilibana, afande. Kilibana mpaka mwisho."

"Yona alifanyaje?"

"Alikaa chini. Baadaye akanipa na mimi peremende." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mtoto alicheka, alidhani tunacheza. Sasa kila baba yake akiingia mlangoni, anamnyooshea kidole vile vile."

Niliogopa. Sitalipamba hilo. Nilimkumbuka mchungaji wa mbuzi aliyeuawa na mlinzi wetu mwanzoni mwa kiangazi, kwenye kituo cha pili cha malori, alipokuwa akitoa tochi ndani ya koti. Tuliitwa, tukakaa, tukakubaliana kwamba mwanga ulikuwa hafifu. Mlinzi yule alisema, "Nilikuwa nimeshaona ni tochi," na sote tukadhani amechanganyikiwa.

"Twende kwa mhandisi," nilimwambia Penina.

*

Karakana ya Nsajigwa ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha. Yeye ni mtu wa Tukuyu, hunywa chai ya rangi kutwa nzima, na uso wake umechoka kuliko wangu. Mlinzi akiuawa barabarani, ni Nsajigwa anayeitwa kumvua soksi, maana ni mali ya Bomba na haizikwi na mtu. Amewavua wengi. Huwa anazifua kwa mkono wake mwenyewe, hampi mtu.

Alimsikiliza Penina mpaka mwisho.

"Hakuna hitilafu," alisema. "Ndivyo ulivyo. Mkono ukishaanza, unamaliza. Tuliuchonga hivyo."

"Lakini mimi nasita," nilisema. "Mikono ikikutana kifuani, mdomo wa bastola bado unatazama chini, naangalia kwanza mtu ameshika nini. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Ulikuwa unasita, dada Zaituni. Niliukuta humo, ule mstuko mdogo. Nilidhani ni kigugumizi cha neva, nikaulainisha. Na walipokufa wale vijana wa lori lililovamiwa Mkiwa, nikauondoa kabisa." Alishusha kikombe. "Baada ya hapo walipungua kufa. Hilo nalo ulijue."

"Basi leo naurudisha. Nivalishe."

Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi. Akaeleza alichowahi kunieleza zamani nami sikukitilia maanani: soksi haidanganyiki. Neva hunong'ona kabla msuli haujatikisika. Ukikusudia tangu mwanzo kwamba utasimama katikati, soksi inanakili mwendo wa kusimama tu, na mwanafunzi atakayepewa atasimama kila mara, hata mbele ya mtu mwenye bunduki. Kinachotakiwa ni mtu aanze akiwa amekusudia kweli kupiga, aone, kisha akatae. Kukataa lazima kuzaliwe njiani.

"Nijaribu," nilisema.

Alinipa bastola ya mpira, yenye uzito wa kweli na kifyatulio kinacholia tak. Akakaa nyuma ya meza yake, akaweka vitu kwenye droo nisivyoviona: bastola ya mbao na makorokoro mengine. Nikajifuta dole gumba. Akavuta kitu haraka.

Tak.

Alikuwa ameshika miwani yake.

Tulirudia. Tak, kikombe. Tak, kitambaa cha kufutia jasho. Kila mara nilikiona kile kitu vizuri kabisa, nikajua ni nini, na kila mara mkono wangu ulikuwa umeshafika. Ilikuwa kama kumwita mtu aliyekwisha kupanda basi. Miaka yote hiyo, kila nilipowaonyesha wanafunzi mfano, nilikuwa nimevaa soksi. Ule mkono uliochongwa ulikuwa ukinifundisha mimi, mwenye nao, na mimi nilikuwa nikijisifu kwamba uzee haujanigusa.

Niliketi kwenye kreti la betri. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchovu wa namna ambayo usingizi hauutoi. Kama mwenyewe sikuwa na kusita, nani anako? Nilikuwa nimewapa vijana wote wa Bomba mkono usiojua kurudi, na sasa sikuwa na wa kuwapa badala yake.

"Naomba nijaribu mimi," Penina alisema.

"Wewe ndiye uliyekuja kulalamika," Nsajigwa alisema.

"Nimekuwa nafanya mazoezi nyumbani." Aliinamisha uso. "Na Yona. Anakaa kwenye kigoda, anatoa vitu kwenye koti. Kijiko, kitana, kitabu cha nyimbo. Nilianza polepole, kama afande anavyotufundisha. Mwanzoni nilikuwa nasimama hata kabla sijaanza, nikaona najidanganya. Nikamwambia achanganye na kisu cha jikoni, ili nisijue."

"Na alikubali kukaa mbele yako?"

"Alisema bora azoee."

Nsajigwa alimvalisha soksi. Penina alijifuta dole gumba, na droo ikavutwa. Mkono ulikwenda kiunoni kwa ulaini wangu wote, ukafika kifuani, na pale ukakwama. Kiwiko kilirushwa nje, bega likapanda, vidole vikatetemeka. Kila kosa nililokuwa nimekemea tangu asubuhi lilionekana kwa pamoja. Lakini mdomo wa bastola ulibaki umetazama sakafu. Nsajigwa alikuwa ameshika kikombe.

Akarudia na bastola ya mbao. Mkono ulifika kifuani, ukakwama, Penina akaangalia, kisha ukaenda. Tak.

Nsajigwa aligeukia kioo cha kompyuta yake, akafuata mistari kwa kidole. "Upo," alisema hatimaye. "Ni wa kweli, umezaliwa njiani." Akavua miwani. "Ila amechelewa, dada. Mimi ningekuwa nimeshampiga. Ningekuwa nimeshampiga na kuanza kukimbia."

"Unaweza kuulainisha?"

"Nikiulainisha unakufa. Nilishaua wa kwako namna hiyo. Ama tuuchukue na ubaya wake, ama tuuache."

Mlango uligongwa. Mazengo alikuwa amekuja kuchukua soksi yake, na kwa jinsi alivyosimama nilijua amesikia mengi. Hakuwa na utani usoni.

"Afande, kwa heshima zote. Mkituvika huo, mtatuua."

"Inawezekana," nilisema.

"Inawezekana? Basi?"

"Yule mchungaji mwenye tochi naye alikuwa wa mtu, Mazengo."

"Na mimi ni wa mtu. Mama yangu yupo Kongwa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinichoma zaidi. "Mimi sijamuua mchungaji. Mimi nafanya kazi yangu, narudi salama, kwa sababu ya mkono wako. Leo unaninyang'anya kwa ajili ya mtu ambaye hata hatujakutana naye."

Alikuwa na haki, na Penina alikuwa na haki, na mimi nilikuwa mwanamke mzee aliyekaa kwenye kreti, natamani mtu mwingine aamue. Nilimtazama Nsajigwa, naye akatazama chai yake. Kwa utaratibu wa Bomba, mhandisi hunakili na kufunga, lakini mkono gani utaingia kwenye soksi huamuliwa na mwalimu.

"Mazengo," nilisema, "ukichelewa, utakuwa umeuawa na mwizi. Ukiwahi ukamkuta mtu ameshika tochi, utakuwa umeuawa na mimi, ila utaendelea kutembea. Yule mlinzi wa kituo cha pili, umewahi kumwona siku hizi?"

"Simjui alipo."

"Yupo kwao Itigi. Amejifunga mkono kwa kamba, hataki kufunguliwa hata kula."

Nilimwambia Nsajigwa arekodi wa Penina.

Kuna desturi pale kambini, ya tangu soksi za kwanza. Kabla mkono haujafungwa ndani ya soksi zote, walinzi husimama uwanjani, mhandisi huuliza kwa sauti, "Mkono huu ni wa nani?" na mwenye nao hujibu mbele ya kila mtu, ili siku ya msiba asiwepo wa kusema hakujua. Miaka yote nilikuwa najibu mimi, na nilikuwa najibu kwa mbwembwe. Jioni ile Nsajigwa aliuliza, na Penina akafungua mdomo, sauti ikagoma.

Nilitoka nikasimama kando yake. "Mkono ni wa Penina Mkumbo," nilisema. "Aliyeuchagua ni mimi. Atakayetaka kulia, aje alie kwangu."

Walinong'ona, ila walivaa. Mazengo alivaa kama wengine. Tangu siku hiyo hakunitania tena, na nilikosa utani wake kuliko nilivyodhania.

*

Mafunzo yaliisha mvua zikiwa bado hazijaonyesha dalili. Nilikuwa nimevaa soksi mpya pamoja nao, kila siku, nikijifunza upya kama kuruta. Mwili wangu uliukataa ule mkwamo. Miaka thelathini niliutafuta ulaini, na sasa nilikuwa naomba nishike vibaya, nistuke, nichelewe. Nilitoka jasho, nikatukana kwa Kinyaturu, nikaendelea. Malori yalipoanza kutoka, niliomba nikae kwenye la kwanza. Mkuu wa kambi alisema umri wangu hauruhusu. Nilimwambia umri wangu umeshazoea kutosikilizwa.

Penina alikaa kushoto kwangu. Dereva wetu alikuwa mtu asiyesema, na nilimshukuru kwa hilo. Malori mengine yalikuwa yamechukua njia ya magharibi, na Mazengo alikuwa kwenye mojawapo.

Baada ya daraja lililovunjika, mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara. Dereva alifunga breki. Niliruka chini upande mmoja, Penina upande mwingine. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti zito katika joto lile, na mtu havai koti zito Singida mwezi wa kumi na moja kama hana kitu cha kuficha.

"Simama hapo! Mikono juu!"

Aliingiza mkono ndani ya koti.

Dole gumba langu lilijifuta. Bastola ilitoka, mikono ikakutana kifuani, na nilikuwa nimekusudia kumpiga. Nilikuwa nimeshachagua kifungo cha koti cha kulenga. Kisha kiwiko kikaruka nje, bega likapanda, na kila kitu kikakwama kwa ubaya ule ule wa Penina. Niliona vidole vyake vikitoka. Niliona ana kucha iliyokufa. Ulikuwa muda mrefu sana wa kusimama mbele ya mtu ukiwa hujui.

Alitoa chupa ya plastiki, tupu, iliyobonyea.

"Mama, nisamehe," alisema, akitetemeka. "Nina kiu. Na homa."

Niliirudisha bastola kwenye ala. Nilifurahi, nitasema wazi, nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Penina alichukua chupa, akafungua koki ya lori, akaijaza, akampa, akaichukua tena akaijaza tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mtu yule alikuwa anakunywa huku akituangalia, hakujua Penina analia nini.

Ndipo redio ya kwenye lori ikalia. Sauti ilikuwa ya mlinzi wa njia ya magharibi, na ilikuwa inahema. Walisimamishwa na watu. Mmoja aliingiza mkono kwenye begi. Mazengo alikuwa mbele, alitoa bastola kabla ya wote, akasimama kifuani kama alivyofundishwa, akaangalia. Kwenye begi kulikuwa na bunduki fupi.

"Tumewafukuza," sauti ilisema. "Maji yapo. Mazengo hayupo."

Penina alishika ukingo wa mlango. "Afande," alisema. "Afande, ni mkono wangu."

"Nilishasema uwanjani aliyeuchagua ni mimi, atakayetaka kulia aje alie kwangu," nilimwambia. "Njoo." Akaja, nikamshika. Nilikuwa namwona Mazengo akisema, "Mama yangu yupo Kongwa." Ningekwenda Kongwa, hilo nilikuwa najua. Ningekaa mkekani kwa mama yake na kumwambia nini, sikujua.

Yule mtu mwenye chupa alikuwa amesikia yote. Aliiweka chupa chini taratibu, kando ya gurudumu, akavua kofia yake.

"Amefariki nani, mama?"

"Kijana wangu. Mwanafunzi wangu."

"Poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema."

Akapiga hatua kuja kwangu, na kwa haraka ya mtu anayesikia uchungu wa mwenzake, akaurusha mkono wake mbele kunipa pole. Mkono wangu ulistuka. Dole gumba lilikuwa limeshagusa pindo la suruali, kiganja kimeshaanza kwenda kiunoni, na pale kikasimama. Aliendelea kuninyooshea wake, anangoja. Nilimtazama mpaka nikaweza, nikaupokea.